Nimelipia alaimenti ya matairi manne, nati za nyuma zikaachwa bila kukazwa. Wenye RAV4 hapa Mbeya laleni chini mkague

Wakuu salaam. Nawasalimu nusu nusu maana mgongo hauna kazi. Nimelala chini ya gari siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwenye baridi hii ya Juni ambayo watu wa Dar mkisimuliwa mnadhani tunatia chumvi.

Gari ni RAV4 ya 2007. Mwezi wa tatu nilifunga matairi mapya ya nyuma, nikalipeleka alaimenti, yaani kupima na kunyoosha uelekeo wa matairi, kwenye gereji moja ya maana, zile zenye sofa na televisheni ya kukupumbaza huku kazi inaendelea. Jina silitaji, msinifuate PM. Nikalipa shilingi 40,000, nikapewa karatasi iliyochapwa, namba zote za kijani. Nikaikunja vizuri, nikaitunza kwenye dashibodi kama cheti cha ndoa.

Wiki ya sita tunarudi kutoka Tukuyu na mama watoto, mvua ile ya Rungwe isiyojua kukata. Tumeshapita Isongole, tunateremkia Uyole, gari likaanza kutikisa mkia. Usukani unakubali, mbele inatii, nyuma inakuja na mambo yake. Mama watoto akanyamaza kimya, na wanaomjua wanajua hiyo ndiyo hatari. Kufika nyumbani nikamulika matairi kwa tochi ya simu: upande wa nje mapya kabisa, upande wa ndani yamelika mpaka waya zinachungulia. Matairi ya wiki sita!

Fundi wa kwanza akasema shokapu. Nikanunua shokapu. Mkia bado unacheza. Wa pili alitikisa gari kwa goti mara mbili akasema bushi, zile raba za kwenye maungio, hata kuinama hakuinama. Sitaki kumzungumzia.

Aliyenitoa gizani ni mzee jirani yangu, fundi mstaafu wa TAZARA. Nilimkuta getini nikamwamkia.

"Marahaba. Hilo gari lako linatembea kama kaa, mwanangu. Umelala chini yake ukaangalia?"

"Bado, mzee."

"Basi lala."

Nikalala. Jamani.

Kwa wasiojua, RAV4 hizi za kizazi cha 2006 na kuendelea zina mikono kadhaa kila upande wa nyuma, yaani vyuma vinavyoshikilia tairi kwenye gari. Mmoja wao, mwembamba, katikati una meno ya nati, unazungushwa kurefusha au kufupisha, sawa na kile kidude cha kukazia waya wa fensi. Hapo ndipo uelekeo wa tairi la nyuma unaporekebishwa. Ukishapata kipimo, unakaza nati za kufungia ili mkono usisogee tena. Hizo nati ndizo roho ya kazi nzima. Za kwangu nilizizungusha kwa vidole. VIDOLE, wakuu, bila spana! Pande zote mbili! Meno yameshakuwa na mchezo, maji yameingia, kutu ya rangi ya ugoro inamwagika usoni.

Wala msiniambie ni barabara zetu mbovu. Toyota yenyewe mwaka 2012 iliita magari zaidi ya laki saba yarudishwe kurekebishwa kule Marekani, karibu yote ni RAV4 za 2006 mpaka 2011, kwa mkono huu huu na sababu hii hii: nati zisipokazwa sawasawa baada ya alaimenti, meno yanacheza, kutu inakula, mkono unaweza kuachia gari likiwa mwendoni. Mwaka 2013 wakayaita tena kwa sababu baadhi yalikuwa hayajarekebishwa ipasavyo. Wenzetu kule wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, angalau kutu wana cha kuisingizia. Sisi chumvi hatuna, ila tuna mvua kuanzia Novemba mpaka karibu Mei. Sasa niambieni, mkono ungeachia pale kwenye mteremko, na lori la Tunduma nyuma yangu?

Nikaamua nafunga mwenyewe, gereji nimezichoka. Mikono miwili niliagiza Kariakoo ikaja na basi la usiku. Ijumaa jioni nikamwagia bolti zote dawa ya kutu, nikaziacha zilale nayo. Uani kwangu ni udongo, kwa hiyo chini ya jeki niliweka ubao mnene, halafu stendi za chuma. Mdogo wangu aliyekuja kunisaidia alishabeba tofali la bloku anataka kuegeshea gari. Nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Bloku linapasuka ghafla, halikupi hata muda wa kusema mama.

Kulia kulitoka kwa saa moja. Kushoto, ndugu zangu, kulikula siku. Bolti ya ndani ilikuwa imeshikana na bomba la chuma lililo katikati ya bushi, ukizungusha inazunguka na mpira wake. Nikaunganisha kipande cha bomba la maji kwenye spana kuongeza nguvu, nikaishia kuichinja kichwa. Nikaenda kuazima grinda kwa jamaa anayechomea madirisha. Nimeiwasha tu, umeme ukakatika. Umerudi saa kumi na mbili na robo jioni, giza linaingia, nikakata kwa tochi mdomoni.

Jumapili tukafunga mipya. Hapa tena nikagombana na mdogo wangu, maana alitaka kukaza bolti za kwenye bushi gari likiwa bado linaning'inia, kama alivyoona mafundi wakifanya. Ule mpira umegandishwa na chuma chake, hauzunguki, unajipinda. Ukikaza mguu ukiwa umening'inia, ukishusha gari mpira unabaki umejisokota muda wote, na baada ya muda mfupi umechanika. Halafu mnasema spea za siku hizi feki. Unashikiza tu, unashusha gari likae kwa uzito wake juu ya mbao ili upate nafasi ya kuingia chini, ndipo unakaza. Mgongo wangu uliishia hapo.

Urefu wa mikono mipya niliukadiria kwa futi kamba, tundu kwa tundu, nikaenda alaimenti jana taratibu, gereji nyingine. Kijana akaniambia, "Bosi, gari hizi nyuma haziguswi, tunaweka mbele tu." Kumbe wengine hawagusi kabisa, wanachapa karatasi! Nikamwambia nyuma itaguswa na mimi nitakuwepo. Alipomaliza nikaingia kwenye shimo na spana yangu nikazijaribu nati zote nne, kisha nikazipiga mstari mmoja mmoja wa rangi ya kucha ya mama watoto, toka kwenye nati mpaka kwenye mkono. Mstari ukikatika, najua imesogea. Kijana alicheka. Nimemwacha acheke.

Sasa hesabu: matairi mawili, shokapu ambazo hazikuwa na kosa, mikono miwili, bolti mpya, alaimenti mara mbili. Na siku mbili chini ya gari.

Ile gereji ya sofa nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza dada wa mapokezi akaniambia, "Baba, labda ni barabara za huko unakoishi." Mara ya pili wakanipa ofa ya alaimenti ya bure. Hao hao! Nikaomba kuonana na meneja, nikaambiwa amesafiri.

Karatasi ya kijani ninayo, ina tarehe na namba ya gari. Mikono ya zamani iko kwenye buti, imefungwa kwenye mfuko wa salfeti, nati bado zinazunguka kwa vidole. Hii ni wiki ya pili meneja hajarudi safari. Kesho asubuhi niko pale tena, nitakaa kwenye sofa lao.