Barua ya thamani ya nyumba: ni benki au ni kaunti?

Swali kutoka Houston

Ndugu wanajumuiya, salaam. Mwezi Novemba tulinunua nyumba kwa dola 290,000. Kabla ya mkopo kupitishwa, benki ilimtuma mthamini akapima vyumba, akapiga picha, na taarifa yake ilikubaliana na bei hiyo. Sasa tumepokea barua iliyoandikwa «appraised value», yaani thamani iliyokadiriwa, dola 322,000, na tovuti ya Zillow nayo inatoa namba yake nyingine. Je, benki imeithamini nyumba upya, na deni letu limepanda? Naomba anayefahamu atufafanulie.

Jibu kutoka Dallas

Ndugu yetu, deni lenu halijaguswa, na barua hiyo haikutoka benki. Imetoka kwa mamlaka ya kaunti inayothamini majengo kwa ajili ya kodi. Katika majimbo mengi ya Marekani kazi hiyo huitwa «assessment» na anayeifanya huitwa «assessor», lakini Texas imeipa jina lile lile la «appraisal» linalotumiwa na mabenki, ndiyo maana wengi wetu huchanganyikiwa mwaka wa kwanza. Afadhali msihangaike sana na neno, mtazame namba imetolewa na nani na kwa thamani ya tarehe ipi.

Mthamini wa benki humlinda mkopeshaji, ingawa ada yake kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Hulinganisha nyumba na nyingine za jirani zilizouzwa karibuni, na benki hukopesha kwa kuangalia namba iliyo ndogo kati ya bei na tathmini yake. Kama angeandika 275,000, tofauti ya dola 15,000 ingebidi muitoe mfukoni, au mrudi kwa muuzaji kuomba apunguze. Sheria inawapa haki ya kupata nakala ya taarifa hiyo. Itafuteni leo, kwa sababu mtaihitaji.

Kaunti, kwa upande wake, haikuingia ndani ya nyumba yenu. Huthamini maelfu ya nyumba kwa pamoja kwa kutumia kompyuta, kwa thamani ya tarehe 1 Januari. Tena, Texas ni miongoni mwa majimbo ambayo sheria hailazimishi bei ya mauzo itangazwe kwa serikali, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba waliowaandikia 322,000 hawajui kuwa wiki chache kabla ya tarehe hiyo mlilipa 290,000. Wasilisheni pingamizi kabla ya tarehe 15 Mei au ndani ya siku 30 tangu barua ilipotumwa, ipi kati ya hizo itakayochelewa zaidi, mkiambatanisha hati ya mwisho ya ununuzi, taarifa ya mthamini wa benki, na picha za kasoro zozote, kama vile nyufa za msingi ambazo udongo wa Houston unazijua vizuri. Kuwasilisha pingamizi hakuna ada. Mara nyingi afisa wa kaunti hukubaliana nanyi kabla ya kufika mbele ya bodi ya wananchi, na hata mkifika huko, bodi hairuhusiwi kupandisha thamani juu ya ile iliyoandikwa kwenye barua.

Katika barua hiyo hiyo soma mistari mitatu kwa makini: thamani ya soko, thamani iliyokadiriwa, na thamani inayotozwa kodi. Ikiwa yote mitatu ina namba moja, huenda hamjaomba punguzo la «homestead» linalotolewa kwa nyumba unayoishi mwenyewe. Liombeni, kwa sababu mbali na kupunguza kodi, huzuia thamani ya kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kuanzia mwaka unaofuata ule wa kwanza mliostahili. Kinga hiyo aliyokuwa nayo muuzaji haikuhamia kwenu, kwa hiyo msipange bajeti kwa kutazama kodi aliyokuwa akilipa yeye. Hapo ndipo malipo ya kila mwezi yanapoweza kupanda ghafla, kwani benki hukusanya kodi hiyo pamoja na rejesho la mkopo. Sisi tuliotoka Tanzania, ambako tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye malipo ya umeme wa LUKU kwa kiwango maalumu, hatukuzoea kubishana na serikali kuhusu thamani ya nyumba; hapa ni jambo la kawaida na hakuna atakayekuona mkorofi.

Namba ya Zillow ni makisio ya kompyuta, na kampuni yenyewe inasema si tathmini rasmi. Itazameni tu kama fununu.

Nyongeza kutoka Atlanta

Kwa walioko Georgia: thamani inayotozwa kodi huku ni asilimia 40 ya thamani ya soko, kwa hiyo msishtuke mkidhani nyumba imeporomoka. Siku za kukata rufaa ni 45.

Nyongeza kutoka Leicester

Huku Uingereza mambo ni tofauti. Tathmini ya benki si ukaguzi wa jengo, na haitakwambia kama ukuta una unyevu. Mkaguzi unamlipa wewe mwenyewe. Kodi ya halmashauri nayo, hapa England, hufuata daraja la A hadi H kwa thamani ya tarehe 1 Aprili 1991, hata kwa nyumba iliyojengwa juzi. Daraja linaweza kupingwa, lakini kabla ya kuandika chunguza kwanza madaraja ya majirani, kwa sababu huku mapitio yanaweza kulipandisha la kwako, na hata la kwao.