Mrejesho: mota ya kichwa cha treni ya watoto

Wakuu, niliuliza mota ya bei nafuu ya kichwa cha treni ndogo ya kupandwa na watoto, inayopita kwenye reli mbili zilizoachana inchi 5. Mlinikataza mota ya waipa (ya kufutia kioo cha gari). Nikawa mbishi, nikaifunga. Kuvuta inavuta, ila kwa magurudumu ya sentimita 10 ilitembea kama kinyonga, na ukizima haisukumiki. Nikamrudia aliyesema mota ya skuta ya umeme, volti 24, wati 250, nikapata ya mtumba. Sproketi (gia ya mnyororo) ya meno 55 kwenye ekseli ilizidi gurudumu kwa ukubwa, ikawa inagonga mataruma, yale magogo ya chini ya reli (nilicheka mwenyewe). Nikaweka ya 44. Tambarare inabeba watoto watatu vizuri. Kwenye kimlima mota inachemka haishikiki, hapo bado. Asanteni sana.