Mnabanaje matumizi mkiwa na watoto wadogo na muda hamna?

MamaWawili:
Habari zenu wazazi wenzangu. Nina watoto wawili, mkubwa miaka mitatu na kidogo, mdogo miezi minane. Mimi na mwenzangu wote tunatoka asubuhi na kurudi jioni, na kuanzia hapo mpaka watoto walale ni vuta nikuvute. Hela nayo haifiki mwisho wa mwezi.

Ushauri wa kubana matumizi nimeusoma sana, ila naona mwingi umeandikwa na watu ambao watoto wao wanalala mchana. Jumamosi iliyopita nilijaribu kutengeneza sabuni ya maji mwenyewe. Nilikaa jikoni saa mbili na nusu, mdogo mgongoni, mkubwa anamwaga unga sakafuni, na mwisho wake nikapata ndoo ya uji mzito usiotoa povu. Nikaenda kununua sabuni. Hela nimetoa mara mbili na Jumamosi yangu ikaenda na maji.

Nataka mbinu zinazopunguza gharama bila kuniongezea kazi. Ninapozidiwa zaidi ni kwenye kufua, chakula kinachobaki, na midoli (nyumba imejaa, mkubwa anasema hana cha kuchezea). Na tafadhali, asiniambie mtu niamke saa kumi alfajiri. Saa kumi niko macho tayari, nanyonyesha.

Mchovu_Daima:
Naweka kambi hapa. Wangu ana miaka miwili, jana kapaka ukuta kopo zima la losheni. Ukuta uko laini, mimi ngozi inapasuka.

BabaMapacha:
MamaWawili, pole dada. Hiyo sabuni ya uji hata mimi iliwahi kunitoa jasho, tuiache.

Wangu sasa wana miaka minne. Walipokuwa na mwaka na nusu tulikwama kabisa, nikaanza kuandika kila tunachonunua. Daftari lilidumu siku nne, siku ya tano likachanwa na wenyewe. Lakini mimi kazi yangu ni kutunza stoo, na stoo ikionekana pungufu hatuanzi kwa kuuliza tununue nini cha bei rahisi. Tunauliza kilichotoka kimekwenda wapi. Nikasema basi ngoja niangalie mlango wa kutokea, yaani ndoo ya taka. Wiki moja, kila jioni kabla ya kuimwaga, nachungulia na kukoroga kidogo kwa kijiti. Dakika mbili. Mke wangu alinitazama kwa mashaka lakini hakusema kitu.

Kilichoongoza ni chakula cha kwenye sahani za watoto. Karibu nusu ya tulichowapakulia kilikuwa kinaishia pale. Tulikuwa tunapakua kwa njaa yetu sisi watu wazima. Sasa wanaanza na vijiko vitatu kila mmoja, akitaka zaidi anaongezewa hata mara nne. Siri yake ni kwamba kilichobaki kwenye sufuria ni chakula bado, kinafunikwa kinawekwa kwenye friji. Kilichobaki kwenye sahani kimeshaingia mate na vidole, hakiwekeki. Kinachobaki tunakigawa kwenye vikopo vifupi ili kipoe haraka, na kisikae nje zaidi ya saa mbili. Siku ya kukila kinapashwa moto mpaka kitoe mvuke kila mahali, si kuvuguvugu juu tu. Jumapili tunapika sufuria moja kubwa kuliko kawaida na nusu inagandishwa kwa vipimo vya mlo mmoja mmoja. Moto ni uleule, vyombo vya kuosha ni vilevile, na Jumatano usiku nafungua friji najiona tajiri.

La pili lilinishangaza. Vile vitambaa mvua vya pakiti vya kufutia watoto: siku moja nilihesabu 31. Nilidhani vinaisha kwa ajili ya nepi, kumbe vingi vilikuwa vya kufuta mikono, midomo na meza. Nikachukua fulana zangu mbili kuukuu nikazikata vipande vya ukubwa wa viganja viwili. Usihangaike kupinda wala kushona, kitambaa cha fulana hakichanguki nyuzi. Vinakaa kwenye bakuli kando ya sinki, unalowesha, unafuta, unatupa kwenye tenga la nguo chafu, vinafuliwa pamoja na nyingine. Vya pakiti tumeviacha kwa safari na kwa usiku wa manane, maana usiku wa manane mtu asitafute ubingwa.

Kulikuwa pia na kalamu za rangi zilizokauka kwa kukosa vifuniko. Tumehamia krayoni, hazina kifuniko cha kupotea. Na mrija wa dawa ya meno, ambao kwetu ulikuwa unaisha kama sabuni ya kufulia. Matangazo yanaonyesha mswaki umejazwa kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini mtoto chini ya miaka mitatu anahitaji kiasi cha punje ya mchele, na wa mitatu hadi sita kiasi cha njegere. Nakamua mimi. Mrija unakaa kabatini juu.

Midoli haikuwa ndani ya ndoo, lakini nayo ni mambo ya stoo. Tulichukua yote tukaigawa kwenye maboksi matatu, mawili yakawekwa mahali wasipoyaona. Wakianza kuchoka na lililo nje, wakilala nabadilisha. Gari lilelile la magurudumu matatu walilokuwa wanalipiga teke kila siku, likirudi baada ya wiki mbili linapokelewa kama mgeni kutoka mbali. Tangu hapo tumenunua midoli siku za kuzaliwa tu. Na usiku vya kuokota vimebaki theluthi moja, hilo ndilo nililolipenda kuliko hata hela.

BibiWaSita:
Mwanangu MamaWawili, mimi nitasema la kufua tu, maana nimefua kwa watoto watano na sasa wajukuu.

Nguo ya mtoto isifuliwe kwa sababu imevaliwa, ifuliwe kwa sababu imechafuka. Mvalishe fulana kuukuu ya baba yake kinyumenyume wakati wa kula, mikono umkunje. Akimaliza unavua hiyo moja, ya ndani iko safi mpaka jioni. Ya kulalia, asipoikojolea, inalaliwa tena.

Doa la maziwa, yai au damu lianze na maji baridi. Nyie wa siku hizi mnakimbilia maji ya moto, na moto ndio unaolifunga doa kwenye nguo. Sabuni ya unga ikizidi haiongezi usafi, inabaki kwenye nguo inaikakamaza, halafu unapoteza maji kusuuza mara tatu. Pima pungufu kidogo ya ulivyozoea, uone. Ile dawa ya kulainisha nguo usiiweke kabisa kwenye taulo na nepi za kitambaa, inazifanya zisinyonye maji. Hapo umepunguza chupa moja dukani. Na nepi yenye doa la njano la kinyesi cha mtoto anayenyonya, ifue kisha ianike juani ikiwa bado mbichi. Jua litaliondoa lenyewe.

Mchovu_Daima:
Bibi, nepi za kitambaa mimi nilishindwa. Mtu anayerudi nyumbani saa moja usiku hawezi.

BibiWaSita:
Basi tumia za kitambaa siku mko nyumbani, nyingine tumia za dukani. Nani kakwambia ni ndoa?

Msafi_Namba1:
Mimi naongeza: nunueni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo kwenye dumu kubwa, inakuwa rahisi zaidi, halafu mnaigawa kwenye chupa za soda ili iwe nyepesi kushika. Kwa kusafisha poti la mtoto changanya na siki, harufu yote inakwisha.

Nesi_wa_Zamu:
Samahani ndugu, hapo lazima nikusimamishe, na mengine nimalize kabisa.

Klorini na siki havichanganywi. Vinatoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, na bafu lenyewe ni dogo. Hata mkojo ukiwa bado ndani ya poti, klorini ikikutana nao inatoa hewa mbaya. Mwaga, suuza kwa maji, osha kwa sabuni. Inatosha.

Chupa za soda ndizo zinazoniumiza zaidi. Mtoto wa miaka miwili hasomi ulichoandika kwa kalamu ubavuni, anaona soda. Dawa ya kusafishia, mafuta ya taa, chochote cha namna hiyo kibaki kwenye chombo chake cha asili, juu, na kifungwe. Dumu kubwa nunua, lakini uchote kidogo unapotumia.

Na kwa MamaWawili: kama mdogo anatumia na maziwa ya kopo, usipunguze vijiko wala kuongeza maji ili kopo lidumu. Wazazi wanafanya hivyo wakiwa wamebanwa na wanaona aibu kusema, ndiyo maana nalisema mimi. Mtoto anakosa chakula, na maji yakizidi yanaharibu uwiano wa chumvi mwilini mpaka anaweza kupata degedege. Pa kubana ni hapa: tengeneza kidogo, akimaliza ongeza, kwa sababu yanayobaki kwenye chupa aliyokwisha kunyonyea ni ya kumwaga.

Midoli ya bure, yaani makopo na vifuniko, mimi naiunga mkono mia kwa mia. Kwa wa miezi minane, kwanza pima kila kitu kwa ule mrija wa karatasi unaobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba, usimpe.

Msafi_Namba1:
Nimekuelewa dada. Chupa nimezitoa sasa hivi. Zilikuwa tatu, moja iko chini ya sinki kabisa. Mungu katulinda tu.

MamaWawili:
Wapendwa, leo zimetimia siku kumi na mbili, narudi na ripoti.

Fulana ya kinyumenyume imefanya kazi kuliko nilivyotegemea. Mkubwa anaiita "koti la kula" na hakai mezani bila hiyo. Nilikuwa nafua siku sita kwa wiki, sasa nne. Vijiko vitatu vya chakula navyo vimekubali, isipokuwa mkubwa amejua kuhesabu ghafla na akipewa viwili anadai. Maboksi ya midoli nimeweka mawili tu, sina pa kuficha la tatu. La kupunguza sabuni ya unga nilipinga kimoyomoyo, nikajaribu, sijaona tofauti kwenye nguo. Bibi, nimenyoosha mikono.

Lililonishinda ni kugandisha. Friji yetu ina kijisehemu cha juu kidogo mno, vikopo viwili kimejaa. Kwa hiyo tunapika cha siku mbili tu, basi.

Lakini BabaMapacha, hiyo ndoo ya taka! Siku ya kwanza sikuona cha ajabu. Siku ya pili nimekoroga kwa kijiti kama ulivyosema, kikagonga chuma. Kijiko. Siku ya tatu kingine, na kifuniko cha chupa ya mdogo. Kwa miezi miwili nimekuwa nikimlaumu mwenzangu kwamba anabeba vijiko kazini na harudishi, na juzi tu nilinunua pakiti mpya ya vijiko sita. Kumbe mkubwa wangu tumemfundisha "ukimaliza kula, tupa uchafu", naye anatupa kila kilichoko kwenye sahani.

Mwenzangu bado hajanisamehe. Ndoo sasa iko juu ya stuli.

BabaMapacha:
Sisi ilikuwa rimoti. Mpe pole shemeji.