Msaada wakuu: mita ya mafuta niliyojitengenezea kwenye Corolla 110 inanipa namba za ajabu

mkono_wa_birika
Wakuu habari za mchana. Nina Corolla 110, injini 5A, ya nozeli sio kabureta. Dashibodi yake haina kile kisehemu cha kuonyesha gari linatembea kilomita ngapi kwa lita kama magari ya siku hizi, nikaona nijitengenezee. Nimechukua Arduino (kompyuta ndogo unayoipangia programu mwenyewe), kioo cha LCD cha mistari miwili, GPS ya kunipa spidi na sensa ya mtiririko, nimeunga kila kitu mwenyewe, programu nimeikopi nikaichezea, inawaka safi kabisa. Shida ni namba. Natembea 80 barabara ya Bagamoyo inaniandikia kilomita 0.9 kwa lita, yaani lita nzima haifiki hata kilomita moja! Nikisimama foleni ya Mwenge ile hesabu ya lita kwa dakika iko palepale 1.4, 1.5, nikanyage nisikanyage. Ile 7.5 ya kugawanyia mapigo ya sensa kwenye programu nimeshaibadilisha mpaka 30, mpaka 80, wapi. Anayejua programu anisaidie nimekosea mstari gani, nina haraka kidogo, kuna mtu nataka nimwonyeshe hizo namba Jumapili.

Mzee wa 504
Sasa kijana yote hayo ya nini. Jaza tenki mpaka bomba likate, andika kilomita, tembea 300, rudi sheli ileile, pampu ileile, jaza mpaka likate tena, gawanya. Basi. Nimefanya hivyo na Peugeot yangu miaka na miaka, daftari ninalo mpaka leo, mama watoto alidhani ni daftari la madeni ya baa.

njiapanda_tz
Jina na uzi vimeendana asee 😂 mkono wa birika kaamua kupima mafuta kwa matone. Uza hiyo 110 chukua IST uache stress.

mkono_wa_birika
@Mzee wa 504 shikamoo mzee. Njia ya kujaza tenki naijua ila inanipa wastani wa wiki, mimi nataka kuona palepale wakati gari linatembea, tena iwe na kumbukumbu. Na gari siwezi kukaa nalo siku tatu mfululizo, ratiba zimebana.

dereva_mstaafu
Mnanikumbusha mbali. Sisi tukitoka Mbeya na lori tukifika Kitonga unatupia nyutro unaserereka mpaka chini, tukajua tunamkomoa tajiri mafuta. Siku moja breki zikachemka nikanusa harufu ya lailing, mguu umefika sakafuni gari halina habari. Nilisimama kwa kuegesha ubavu kwenye mlima, utingo aliruka toka juu kabisa na mpaka leo sijui kama alirudi kazini. Mafuta niliyookoa hayafiki hata bei ya soda.

Fundi Nozeli
@dereva_mstaafu na hata hayo mafuta hukuyaokoa mzee wangu, kwa gari ndogo hizi za nozeli ndo kabisa. Ukiteremka na gia, mguu umetoa, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inakata mafuta yote, nozeli hazifunguki. Ukiweka nyutro injini lazima inywe ili isizime.

Turudi kwa mleta uzi. Mkuu nina maswali mawili na naomba ujibu yote mawili. Sensa gani, na umeifunga wapi?

mkono_wa_birika
Sensa ya kawaida tu mkuu, nilichukua Kariakoo. Mimi nadhani tatizo ni programu maana sensa inahesabu vizuri. Kuna mstari wa interrupt, ule unaohesabu mapigo ya sensa, hapa nitauweka muone.

pacha_wa_nairobi
Mimi niko huku Nairobi na nilijaribu njia ya mkato, nikanunua ile skana ndogo ya Bluetooth ya OBD, ya kusoma kompyuta ya gari, nikapachike kwa 110 kama yako. Wapi! Hizi Toyota za Japan za miaka ya tisini hazina hiyo lugha kabisa. Nilizunguka chini ya usukani na tochi nusu saa nikitafuta soketi, mtoto wangu akaniuliza kama nimepoteza pesa. Nikamwambia ndiyo.

binti_wa_waya
Hiyo 7.5 nimeisoma mara tatu. Mkuu hiyo namba ni ya sensa ya MAJI. Ile nyeusi ya plastiki yenye waya tatu, ubavuni imeandikwa 1-30L/min, tunawafungia watu kwenye matenki ya nyumbani. Niambie nimekosea.

Fundi Nozeli
Niliiona ila nilitaka aseme mwenyewe.

mkono_wa_birika
Sawa ni hiyo. Lakini jamani kimiminika ni kimiminika, kipangaboi cha ndani kinazungushwa na chochote kinachopita. Nimekata mpira wa mafuta baada ya chujio kabla ya reli ya nozeli, nikaweka nipo za shaba pande zote mbili na klipu mbilimbili nimekaza kwa spana. Wiki mbili sasa haijavuja hata tone. Asubuhi tu ukifungua boneti kuna kaharufu kadogo ambako hata zamani kalikuwepo.

Mzee wa 504
Lahaula.

Fundi Nozeli
Sasa nakujibu taratibu maana naona una haraka.

Kwanza namba zako. Mstari wa programu hauna kosa, unachopima ndo sicho. Kwenye 110 pampu inasukuma mafuta muda wote kwa nguvu moja, reli inachukua kidogo inachohitaji, yanayobaki yanarudi tenki kwa mpira wa pili. Wewe umefunga sensa kwenye mpira wa kwenda, kwa hiyo 1.5 yako ni kazi ya pampu, na ndo maana ukikanyaga usikanyage haibadiliki. Gari linalotembea 12 kwa lita kwenye spidi 80 linachoma kama lita 6.7 kwa saa, ukigawa kwa 60 unapata 0.11 kwa dakika. Sensa yako inaanza kusoma vizuri kwenye 1. Hata ungeifunga mahali sahihi isingeona kitu, ni sawa na kupima dhahabu kwa mizani ya magunia.

Pili, na hii ndo iliyonifanya niache chakula. Mpira huo una presha karibu psi 40, zaidi ya upepo wa tairi lako. Ile plastiki na ile sili ya ndani vimetengenezwa kwa maji. Petroli inavila polepole, na siku sili itakapokata mafuta yatatoka kama manyunyu juu ya eksozi. Toa leo.

mkono_wa_birika
Nashukuru fundi nimekuelewa kwenye hesabu. Ila kutoa leo haiwezekani, nikitoa sina namba za Jumapili. Si naweza kuweka sensa ya pili kwenye mpira wa kurudi halafu nikatoa moja kwa nyingine? Ninayo ya pili, nilinunua mbili.

njiapanda_tz
Alinunua mbili 😭😭

Mama Tunu
Samahani mimi sio mtu wa magari nilikuwa napita. Umesema gari huwezi kukaa nalo siku tatu. Kwani gari analo nani?

binti_wa_waya
Swali zuri dada.

mkono_wa_birika
Hilo halihusiani na sensa.

Mama Tunu
Linahusiana. Analo nani?

mkono_wa_birika
Haya. Gari anaendesha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anapigia taksi. Tulikubaliana hesabu elfu 20 kwa siku mafuta juu yake. Miezi mitatu sasa analeta 12, siku nyingine 10, nikiuliza ananiambia shem gari linakunywa. Nikisema sana nyumbani kwangu nalala na mgongo wa mtu. Nikaona nipate namba, maana namba haina undugu. Jumapili kuna kikao cha familia kwa mkwe, nilitaka niweke kioo mezani kila mtu asome mwenyewe. Shemeji hajui kama kuna kitu kimefungwa, nilimwambia nimebadilisha chujio. Na sijafanya kitu kibaya, gari ni langu, kadi ina jina langu.

Fundi Nozeli
Kwa hiyo gari lenye hicho kitu saa hizi liko barabarani lina abiria na dereva hajui.

dereva_mstaafu
Mwanangu toa hicho kitu.

mwalimu_Siha
Tatizo lako halipimwi kwa Arduino kaka yangu. Umempa ndugu kazi bila maandishi, huo ndo mwanzo wa yote. Mimi nilimpa binamu bodaboda mwaka juzi kwa mdomo tu, mpaka leo kwenye misiba tunakaa mahema tofauti. Ungemwita shemeji mkakaa kama watu wazima, mkeo akiwepo, mngeongea yakaisha.

kichwa_maji
Ngojeni kwanza. Hivi nyie wote mmeimeza hii? Hii ni CHAI wakuu, tena ya maziwa. Mtu anaweza kuunga GPS na Arduino na kuandika interrupt halafu hajui petroli inakula plastiki? Nimeingia nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa kwanza alikuwa anatafuta mtu wa kuprinti stika kwenye viboksi vya plastiki, oda ndogo. Sasa unganisheni. Kesho kutwa anakuja "wakuu nimefanikiwa, anayehitaji mita kama hii aje PM". Shemeji, mkwe, kikao cha Jumapili, ni tangazo la biashara limevalishwa kanzu.

njiapanda_tz
Dah kumbe. Nilishaanza kumwonea huruma shemeji.

pacha_wa_nairobi
Lakini hizo stika zinaweza kuwa za kitu kingine.

kichwa_maji
Za nini? Ajibu mwenyewe.

mkono_wa_birika
Stika zilikuwa za asali. Mama yangu Tabora anauza asali. Mtu unaomba msaada unaitwa mwongo. Picha hii hapa [picha] haya niambieni hiyo nayo ni chai.

kichwa_maji
Picha ya sensa na mpira hata mimi naweza kupiga juu ya meza. Hiyo boneti mbona haionekani.

binti_wa_waya
Kuza kona ya juu kushoto, kuna ile waya nyekundu ya betri na vumbi la mwaka mzima. Meza gani ina vumbi la hivyo? Na angalia chini ya nipo ya kulia, plastiki imebadilika rangi, kuna unyevu. Asali haina hiyo rangi.

Mama Tunu
Iwe chai iwe uji, kama kuna uwezekano mmoja kwa kumi kwamba ni kweli mpigieni huyo kijana asimamishe gari. Mleta uzi naona jina lako linawaka kijani na hujibu.

Mzee wa 504
Katulia. Au kaenda.

kichwa_maji
Kaenda kuandaa bei.

mkono_wa_birika
Nimerudi wakuu, samahani ni usiku. Nilimpigia shemeji akaniambia yuko Tegeta kijiweni, nikamfuata na bodaboda na mpira mpya mfukoni. Nilivyofungua boneti taa ya simu niliizima mwenyewe kwa woga, ile harufu sio kaharufu tena. Tumeacha injini ipoe tukatoa betri tukabadilisha mpira. Sensa nimeipasulia hapahapa nyumbani, kile kipangaboi kimevimba hakizunguki vizuri na sili imekuwa laini kama bazoka iliyotafunwa.

Shemeji aliniuliza ni nini hicho. Nikamwambia. Hajasema kitu, alikaa kwenye kiti cha dereva mlango wazi anafuta usukani na kitambaa, anafuta palepale. Halafu akasema shem ungeniuliza ningekupa risiti za sheli, ninazo zote kwenye droo ya gari. Nimefungua, zipo. Nyingi.

Mama watoto sijamwambia bado.

Fundi Nozeli
Afadhali. Sasa kabla hujalala fanya kitu kimoja cha bure. Fungua kile kisanduku cha diagnosisi chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya check engine inavyopepesa. Niandikie.

mkono_wa_birika
Inapepesa mbili, inapumzika, mbili. Inarudia hivyo hivyo.

Fundi Nozeli
Hiyo ni kodi 22. Sensa ya joto la maji ya injini. Kontroli boksi haijui kama injini imepata moto, inapoteza hesabu ya mafuta. Gari linakunywa kweli, siwezi kukuambia linakunywa kiasi gani, na kama hesabu yote ya elfu 8 imeishia humo hilo mtajuana wenyewe na hizo risiti. Angalia plagi ya hiyo sensa kwanza, mara nyingi ni kutu tu. Na thermostati angalia pia, wengi Dar wamezing'oa, na bila hiyo injini inachelewa kupata moto inakunywa zaidi.

mkono_wa_birika
Iling'olewa. Nilimwambia fundi wa mtaani aitoe mwaka jana, gari lilikuwa linachemsha.

njiapanda_tz
Kwa hiyo mwizi wa mafuta ni wewe 😂😂😂

kichwa_maji
Bado naona chai ila imekolea tangawizi, naendelea kunywa.

mkono_wa_birika
Fundi swali la mwisho, na msinicheke. Ile mita bado naitaka. Nikichukua kwenye nozeli badala ya mpira?

mwalimu_Siha
Jamani huyu mtu.

binti_wa_waya
Mwacheni, hiyo sasa ndo njia yenyewe. Mpira wa mafuta huugusi kabisa. Nozeli moja inapata volti 12 muda wote, kontroli boksi inaifungua kwa kuiunga na ethi. Wewe unapima tu imekaa wazi milisekunde ngapi, unazidisha na nozeli nne. Usiunge moja kwa moja kwenye Arduino, ikifunga inarusha volti nyingi nyuma itaunguza, pitisha kwenye optokapla PC817 (inapitisha ishara kwa mwanga, waya hazigusani) na resista. Spidi achana na GPS, kuna waya wa SPD kwenye kontroli boksi, Toyota nyingi za Japan zinatoa pigo 2548 kwa kilomita. Programu ya bure ipo, inaitwa MPGuino, usianze kuandika upya. Kusawazisha ndo utarudi kwa Mzee wa 504: jaza mpaka likate, tembea, jaza tena, rekebisha namba mpaka kioo kikubaliane na pampu.

Mzee wa 504
Nilisema toka mwanzo. Mleta uzi, ile sensa ya pili ambayo hukuifunga unaiuza bei gani? Nina tenki la maji hapa kwangu halina mita.