Naomba ushauri: mfumo wa gesi mfupi au wa kati kwa mtutu wa inchi 16?

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wa wale wenye uzoefu. Ninaishi Minnesota, Marekani, na ninakusudia kununua AR-15 (bunduki ya nusu-otomatiki) ya kulengea shabaha, yenye mtutu wa inchi 16 na inayotumia risasi za 5.56 mm, lakini nimekwama kwenye urefu wa mfumo wa gesi, yaani ule unaotumia gesi ya risasi iliyofyatuliwa kurudisha nyuma bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) ili bunduki itupe ganda na kupakia risasi nyingine: nichukue ule mfupi wa kabini (carbine), ambao tundu lake la gesi liko takriban inchi 7 mbele ya mwili wa bunduki, au ule wa kati, wa takriban inchi 9?

Ninavyoelewa, mfumo mfupi ndio uliomo kwenye M4, bunduki ya jeshi la Marekani ambayo mtutu wake ni wa inchi 14.5. Ukiuweka kwenye mtutu wa inchi 16, gesi huchukuliwa mapema ikiwa na shinikizo kubwa, na risasi bado ina safari ndefu mbele ya tundu, hivyo bolti hurudi kwa kasi, bunduki hupiga teke kali zaidi na kichomoa ganda huchakaa mapema. Kwa hoja hiyo pekee ningechagua wa kati bila kusita.

Kinachonitia shaka ni baridi. Huku mwezi Januari mafuta ya kulainishia huwa mazito, nami hununua risasi za bei nafuu, ambazo nyingi zina nguvu ndogo. Je, mfumo wa kati utaendelea kutupa maganda na kupakia vizuri, au bolti itaishia njiani? Nisingependa kulazimika kupanua tundu la gesi baadaye. Aliyeutumia kwenye baridi kali, tafadhali anieleze pia uzito wa bafa (kipande kizito kinachopunguza kasi ya bolti inaporudi) aliyoifunga.