Naomba ushauri: tumlipe kila mwanakijiji fedha za mwezi, au tuvute bomba la maji?

Katibu wa Mlimani:
Ndugu zangu, chama chetu cha wazawa wa kijiji kimoja cha Taita, ambacho wanachama wake wengi wanafanya kazi Mombasa, Nairobi na nchi za Ghuba, kimekusanya shilingi milioni 3.4 kwa nia ya kuvuta bomba kutoka chemchemi ya mlimani. Katika mkutano uliopita vijana walileta hoja nyingine: fedha hizo wagawiwe watu wazima wote 140 waliobaki kijijini, shilingi 1,000 kwa kila mmoja kila mwezi, mwenye nacho na asiye nacho sawa, bila masharti, kwa kuwa mwenye shida anaijua kuliko kamati. Wazee wanasema zote zitaishia kwenye pombe. Nimetakiwa kuandika maoni kabla ya mkutano wa Desemba. Je, malipo ya namna hii, yaani kipato cha msingi kwa wote, yana faida gani katika nchi kama yetu, na hatari yake iko wapi?

Mchumi Mkulima:
Katibu, hoja ya pombe iondoe mezani. Katika utafiti mkubwa wa GiveDirectly, shirika linalowapa maskini fedha za wafadhili moja kwa moja, huko Siaya na Bomet, ambako watu wazima walitumiwa kwa simu kiasi cha takriban senti 75 za dola kwa siku, watafiti hawakuona ulevi ukiongezeka wala watu wakiacha kufanya kazi. Walichoona ni watu kuacha vibarua na kuingia katika shughuli zao wenyewe. Linalokuhusu zaidi ni hili: kundi moja liliahidiwa malipo ya miaka 12, la pili miaka 2, na la tatu likapewa kwa mkupuo kiasi kinacholingana na cha miaka 2. Kundi la miaka 2 ndilo lililoachwa nyuma katika kuanzisha biashara. Sasa piga hesabu yako: shilingi 140,000 kwa mwezi zitamaliza akiba yenu kwa miezi 24 tu.

Mke wa Siaya:
Naongezea nilichokiona kwa wakwe zangu. Fedha za mwezi hazikukaa mifukoni zikangoja; wanawake walizipeleka kwenye chama cha kupokezana, kila mwezi mmoja wao akabeba kitita, huyu akanunua mbuzi, yule akaezeka mabati. Walithubutu kwa sababu walijua mwezi ujao zitaingia tena. Jambo jingine, kaka: amueni mapema mwanakijiji ni nani. Mke aliyeolewa juzi yumo? Kijana atakayetimiza miaka 18 mwakani je? Hapo ndipo ugomvi utakapozaliwa, niamini.

Mhasibu Mstaafu:
Nataka kuitazama nchi nzima, maana vijana wako wakishinda watasema serikali nayo ifanye hivyo. Tukichukulia kwamba Kenya ina watu wazima milioni 25, na kila mmoja apate shilingi 2,000 kwa mwezi kama wanavyolipwa wazee wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, tutahitaji shilingi bilioni 600 kwa mwaka, ilhali makusanyo yote ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, katika mwaka wa fedha wa 2023/24 yalikuwa takriban trilioni 2.4. Robo nzima! Fedha za wafadhili huingia kijijini kutoka nje. Za serikali hutoka katika mifuko ileile, au katika bajeti ya zahanati. Iran ilijaribu njia nyingine mwishoni mwa mwaka 2010, ikapunguza ruzuku ya mafuta na mkate na kumlipa kila mtu rial 455,000 kwa mwezi. Kiwango hicho hakikupandishwa kwa miaka mingi huku bei zikipaa, na thamani yake ikayeyuka.

Mchumi Mkulima:
Nakubali, Mzee. Na bomba ni jambo la peke yake: hakuna mtu atakayelivuta kwa shilingi elfu yake, hata akizipata miaka kumi.

Katibu wa Mlimani:
Nashukuru sana. Nitapendekeza bomba lijengwe kwanza, na salio, likiwapo, ligawiwe kwa mkupuo mmoja badala ya kudonolewa kila mwezi. Mke wa Siaya, swali lako la mke aliyeolewa juzi limenikosesha usingizi, kwa sababu huyo ni mkwe wa mwenyekiti. Huko Siaya wake wapya kama huyo walihesabiwaje?