Mwenye usonji asipoonesha njia, anyimwe alama za Hisabati?

Mama Pacha: Binti yangu yuko kidato cha kwanza, ana usonji. Swali lilikuwa 2x + 7 = 19, kaandika x = 6, basi. Kapewa 1 kati ya 4, eti "njia iko wapi?" Wadau, hii ni haki?

Ticha wa Bara: Ni haki. Njia ina alama zake. Akizoea hivyo, kidato cha nne ataumia. Halafu wazazi wengine mnalea watoto kwa simu, wakikwama shuleni mnasema usonji.

Mama Pacha: Simu?! Alipokuwa mdogo nyumbani tulikuwa na kitochi, hata picha hakipigi! Usonji mtu anazaliwa nao. Ticha mzima hujui?

Kibonde: Kwani hawa si ndio majiniasi wa hesabu? Kuna sinema moja jamaa anakariri karata zote.

Da Sele: Sinema hizo ndizo zinatuponza. Wengi wao hesabu zinawatesa kama sisi tu. Mdogo wangu anazidisha kwa kichwa, ila mpe "Juma ana machungwa 12, akampa Asha 5", anataka kwanza kujua Asha ni nani na kwa nini kapewa. Feni ikianza kukwaruza, kalamu chini. Tulichofanya, tunamwandikia hatua ya kwanza, "toa 7 pande zote", ya pili anamalizia mwenyewe. Ukimwambia "onesha njia" tu, hajui unataka kuona nini, jibu si hilo hapo?

Ticha wa Bara: Nilisema WENGINE. Na anayeona walimu hatujui, aje darasa la watoto tisini na chaki mbili amwandikie kila mmoja hatua yake.

Mzee Mtulivu: Baraza la mitihani si linawaongezea wenye mahitaji maalumu dakika 20 kila saa kwenye Hisabati? Masomo mengine 10.

Kibonde: Dakika 20! Enzi zetu nyongeza ilikuwa fimbo, na njia tulionesha.

Da Sele: Ndiyo maana mpaka leo unaogopa hesabu, unatuletea sinema.

Ticha wa Bara: Fimbo zina kanuni za mwaka 2002: visizidi viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Someni kabla ya kuropoka.

Kibonde: Vinne vya kwenye karatasi, ticha. Wetu akifika cha tatu alikuwa anasahau, anaanza moja.